USIPOZIBA UFA: KWA NINI BONGO LA KOMPYUTA HUCHELEWESHWA

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wahenga hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Je, tushike lipi? Katika makala haya nitaeleza kwa nini kampuni zinazotengeneza prosesa, yaani bongo la kompyuta, wakati mwingine huahirisha siku ya kuuza, au hata hurudisha mzigo uliokwisha kufika kwa wauzaji. Wenzangu darasani wakisikia habari kama hiyo hucheka. "Kampuni kubwa hivyo, eti imeshindwa!" Mimi nasema la hasha.

Kwanza tuelewe prosesa ni kitu gani. Ndani yake mna kipande cha silikoni kinachoweza kutoshana na ukucha, chenye swichi ndogo mno ziitwazo transista. Prosesa ya Pentium, iliyotolewa na kampuni ya Intel mwaka wa 1993, ilikuwa na transista zipatazo milioni 3.1. Za siku hizi zina mabilioni. Chipu nyingi hutengenezwa pamoja juu ya kisahani kimoja cha silikoni, katika vyumba ambamo hewa huchujwa, maana chembe ya vumbi yaweza kuharibu chipu nzima. Kazi hiyo hupitia mamia ya hatua na huchukua miezi. Sasa sikiliza: kosa likishaingia ndani ya silikoni, hakuna fundi wa kulifungua na kulichomelea, awe wa Nairobi au wa Marekani. Makosa mengine huepukwa kwa kubadilisha programu. Mengine dawa yake ni kutupa chipu hiyo na kuweka nyingine.

Ndiyo sababu chipu hupimwa zikiwa bado kwenye kisahani, kisha hupimwa tena zikishafungwa. Sisi wa Nyeri tunaweza kulielewa jambo hili kwa sababu ya kahawa. Mkulima wa Tetu au Othaya hafululizi tu kumwaga kahawa kiwandani. Kwanza huchagua mbivu, akaweka kando mbichi na zilizooza. Baadaye kahawa hupangwa kwa gredi: AA, AB, PB na kadhalika. Chipu nazo huwa na gredi. Zinazokimbia sana huuzwa bei ghali, na za mwendo wa wastani huuzwa bei nafuu. Gunia la AB likiandikwa AA, mnunuzi amepunjwa, si ni kweli?

Tuangalie visa viwili. Mwaka wa 1994, kabla sisi hatujazaliwa, mwalimu wa hisabati kule Marekani, Thomas Nicely, aligundua kwamba Pentium ilikuwa ikikosea kugawanya baadhi ya namba. Jaribu mwenyewe kwa kikokotoo: 4195835 gawanya kwa 3145727. Utapata 1.33382. Pentium yenye kasoro ilitoa 1.33374. Chanzo chake kilikuwa nafasi chache zilizoachwa tupu katika jedwali lililomo ndani ya chipu. Kumbe Intel yenyewe ilikuwa imeliona kosa hilo mapema mwaka huo! Ikadai kwamba mtu wa kawaida angekumbana nalo mara moja tu kwa miaka 27,000. Wateja hawakutulia. Mwezi wa Disemba kampuni ya IBM ikasimamisha uuzaji wa kompyuta zenye chipu hiyo, na tarehe 20 mwezi huo Intel ikakubali kumbadilishia kila aliyetaka. Gharama yake? Dola milioni 475.

Kisa cha pili ni cha Julai 2024. Kampuni ya AMD ilikuwa imepanga kuuza prosesa zake za Ryzen 9000 kuanzia tarehe 31. Zikiwa zimebaki siku chache, ikatangaza kwamba baadhi ya chipu zilizopelekwa kwa wauzaji hazikufikia kiwango chake cha ubora. Mzigo ukarudishwa ukakaguliwe. Mbili kati ya aina nne zikatoka tarehe 8 Agosti, na mbili tarehe 15. Picha zilizosambaa zilionyesha chipu zilizoandikwa Ryzen 9 badala ya Ryzen 7. Hapo watu wakacheka. Lakini hesabu mwenyewe: AMD ilipoteza wiki moja au mbili na ikavumilia kuchekwa, ilhali Intel ilibidi kujenga ukuta mzima kwa sababu haikuziba ufa.

Labda utauliza, "Haya yanatuhusu nini sisi wa mlimani?" Yanatuhusu sana. Mtu wa Karatina au Nanyuki akinunua kompyuta, mara nyingi ni ile iliyokwisha kutumika ng'ambo. Ikiwa na kasoro, atamrudishia nani? Kiwanda kiko mbali na waranti ilikwisha zamani. Kosa lisilokamatwa kiwandani humwangukia mnyonge wa mwisho.

Tena, sisi si wanunuzi tu. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, hapa hapa kwetu Nyeri, mna kiwanda cha Semiconductor Technologies Limited kinachoshughulika na chipu. Hazifanani na prosesa kubwa za AMD, lakini kanuni ni ile ile. Mnamo Mei 2024 Marekani ilitangaza ushirikiano na Kenya katika sekta hii. Huenda baadhi yetu tukafanya kazi humo. Siku moja mkubwa atasema mzigo uondoke leo, nawe umeona chipu moja inayokosea. Utanyamaza?

Ni kweli kungoja kunaumiza. Mwenye duka hupoteza wateja na mwenye kiwanda hupoteza fedha. Lakini jina la kahawa ya Nyeri halikujengwa kwa kuficha mbichi chini ya gunia. Kwa hivyo, wenzangu, mkisikia kampuni imesema "ngojeni kidogo, tunakagua," msicheke. Afadhali kicheko cha leo kuliko kilio cha kesho. Hapa ndipo ninapotia nanga.