Kijana na Insha ya Kuombea Chuo cha Ng'ambo

Zamani kijana wa pwani aliyesafiri kwenda Hadhramaut au Misri kutafuta ilimu alichukua neno la shekhe wake. Shekhe ndiye aliyemshuhudia kwamba huyu ana akili, ana adabu, na vitabu kadha amevihitimu. Leo vijana wetu waombao nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani na Uingereza hutakiwa, juu ya vyeti vyao na neno la mwalimu, waseme kwa kalamu zao wenyewe wao ni nani na wataka nini. Maandishi hayo ndiyo insha ya maombi, na ndiyo tupendayo kuyazungumza hapa, maana tumeona vijana wema wakiharibikiwa kwa ajili yake.

Huenda msomaji akastaajabu: mwalimu wa madrasa, ambaye skuli yake iliishia darasa za chini, ana nini na mambo haya? Jawabu ni nyepesi. Vijana hawa ni wanafunzi wetu. Hutujia baada ya sala ya alasiri na karatasi zao, nasi, kwa kuwa Kiingereza chao kimetupita, huwataka watufasirie kwa Kiswahili. Kwa kufanya hivyo tumejifunza jambo moja: insha ambayo mwenyewe hawezi kumfasiria mamake, aghlabu haina kitu ndani.

Alitujia kijana mmoja, mwana wa mjane auzaye mahamri na mbaazi. Mamake alikuwa amekopa fedha kumlipa bwana mmoja wa mjini amtungie mwanawe insha. Tukamwambia atufasirie. Akasoma kwamba tangu utotoni alikuwa na shauku ya kuugeuza ulimwengu, na kwamba babake alifariki mikononi mwake, na hapo ndipo alipoapa kuwa mtu mkubwa.

Tukanyamaza. Babake tulimzika sisi. Alifia hospitali usiku, na mtoto alikuwa katika skuli ya bweni. Alipofika siku ya pili tulikuwa tumekwisha zika.

Tukamwuliza, "Mwanetu, maneno haya ni yako?"

Akainamisha kichwa. "La, Maalim. Yule bwana alisema wasomaji wa huko hupenda kulizwa."

Ndugu wasomaji, hebu tutazame watakacho watu wa huko. Wengi waombao Marekani hupitia mahali paitwapo Common App, pakusanyapo maombi ya vyuo zaidi ya 1,000. Hapo mwombaji huchagua swali moja katika maswali 7, akaandika insha isiyopungua maneno 250 wala kuzidi 650. Insha hii yahusu mtu mwenyewe: tabia yake, fikira zake, na jambo lililombadilisha. Tena vyuo vingi huongeza maswali yao mafupi, kama vile kwa nini ametaka chuo hicho hasa.

Uingereza ni mlango mwingine. Huko maombi hupitia UCAS, na maandishi hayo yahusu zaidi somo alitakalo kijana. Kwa wanaoingia chuoni tangu mwaka 2026, hayawi tena insha moja ndefu, bali majawabu ya maswali 3: kwa nini wataka somo hili, masomo yako yamekutayarishaje, na nje ya masomo umefanya nini cha kukutayarisha, na chafaa kwa nini. Yote pamoja yasizidi herufi 4,000, nafasi zikihesabiwa, na kila jawabu lisipungue herufi 350. Na kwa kuwa maandishi hayo hayo huenda kwa vyuo vyote alivyovichagua, haifai kukisifu chuo kimoja kwa jina. Basi kijana atumaye insha ya Marekani Uingereza, au kinyume chake, ni kama aliyeulizwa jina akajibu umri.

Ama kununua au kuiga, hilo ni aibu na hasara. UCAS hulinganisha kila andiko na yale yaliyokwisha pokewa. Mwaka 2007 walipofanya uchunguzi wa namna hiyo, walikuta waombaji 234 wote wamesimulia kisa kimoja: kwamba walipokuwa na miaka 8 walitoboa nguo zao za kulalia kwa moto walipokuwa wakichezea dawa za kemia! Wote waliazima mfano mmoja. Na siku hizi, akiiachia mashine ya kutunga maneno imwandikie, hukumu ni hiyo hiyo, kwani mwombaji hukiri mwishoni kwamba aliyoyaandika ni yake. Sisi Waislamu hatuhitaji kukumbushwa uzito wa kushuhudia uongo, hata kama anayeshuhudiwa ni nafsi yako mwenyewe.

Turudi kwa kijana wetu. Tulimwuliza, "Alasiri ukitoka skuli wafanya nini?" Akasema hana la maana afanyalo, ila huandika daftari la mamake. Ni daftari gani? Akatuletea. Kwa miaka 2 alikuwa ameandika kila siku unga, sukari na mafuta yaliyotumika, mahamri yaliyouzwa, yaliyolala, na nani amekopa. Akatuonyesha kwamba siku mamake alizokaanga mengi zaidi ndizo alizopata faida ndogo, kwa sababu ya yaliyobaki. Basi akamshauri apunguze, na mamake alibishana naye wiki nzima kabla ya kukubali.

Tukamwambia, "Hii ndiyo insha yako." Akacheka akidhani twamtania. Aliiandika mara 5. Mara ya kwanza alijisifu, mara ya pili alisahau kueleza alijifunza nini. Ya tano alipotufasiria, mamake aliyekuwa ameketi mlangoni alisema, "Sasa huyu ni mwanangu." Na habari ya babake aliitia kwa maneno machache ya kweli: kwamba alifika amechelewa.

Vyuo viwili vilimkataa. Cha tatu kilimwita kwa mazungumzo, wakamwuliza habari za daftari, naye hakutetemeka, kwani hakuwa na la kukumbuka ila alilolitenda. Chuo hicho kilimpokea. Deni la ile insha ya kununua mamake alilimaliza baadaye, kidogo kidogo, kwa mahamri.

Enyi wazazi, msaada wenu si kuandika wala kulipa mwandishi. Mkumbusheni kijana aliyoyatenda nyumbani, maana aghlabu huyaona madogo. Mpeni nafasi tulivu na taa. Mwalimu wake amsahihishie lugha, asimbadilishie maneno. Na aanze mapema: wanaoomba Oxford, Cambridge au masomo ya udaktari Uingereza mwisho wao ni tarehe 15 Oktoba ya mwaka wa kabla, na vyuo vingi vya Marekani hufunga mwanzo wa Januari.

Nawe kijana, ukimaliza kuandika, mfasirie mamako. Akikutambua humo, itume. Asipokutambua, keti uandike tena.

Na tawfiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.