Kitambi na Mishipa ya Mapafu

Wengi hudhani ya kuwa kitambi ni dalili ya heri na ya nyumba isiyokosa chakula. Twapenda leo kuwaonyesha wasomaji wetu jinsi kinavyoweza kuudhuru mwili mahali wasipopadhania, yaani mapafuni.

Mwaka 1988 mganga Gerald Reaven wa Marekani alieleza ya kuwa sukari kuzidi, msukumo mkubwa wa damu na mafuta mabaya damuni huandamana kama ndugu wa tumbo moja, na mzizi wao ni mmoja: mwili hauiitikii insulini vema. Siku hizi waganga huhesabu alama tano: kiuno kinene, msukumo wa damu wa 130 kwa 85 au zaidi, sukari nyingi, mafuta mabaya kuzidi, na mafuta mema kupungua. Mwenye alama tatu kati ya hizo huhesabiwa mgonjwa.

Sasa tuyaangalie mapafu. Upande wa kuume wa moyo hupeleka damu mapafuni ikachukue hewa. Upande wa kushoto huipokea na kuieneza mwilini. Mishipa ya mapafu ni laini, na msukumo wake wa wastani ni mdogo, kadiri ya milimita 14 za zebaki. Ukipita 20, ni ugonjwa.

Je, hupandaje? Kwanza, msukumo mkubwa na sukari huukakamaza upande wa kushoto wa moyo. Usipolegea, haupokei damu vema, nayo husongamana mapafuni kama maji ya mfereji ulioziba. Pili, mtu mnene akoromaye huenda pumzi ikamkatika usingizini mara nyingi. Hewa ikipungua, mishipa ya mapafu hujikaza. Tatu, insulini isipofanya kazi, kuta za mishipa hiyo zaweza kudhurika na kunenepa. Ndipo upande wa kuume wa moyo hulemewa, hupanuka, na mwisho huchoka.

Dalili zake ni kuhema apandapo mtu kilima, uchovu, miguu kuvimba, pengine kuzimia. Mwenye kuziona asiseme ni uzee wala ni kurogwa. Aende hospitalini upesi, moyo wake upimwe.

Nanyi wazazi, jengeni desturi njema nyumbani: kutembea kwa miguu kila siku, kupunguza chumvi, pombe na vinywaji vya sukari, na kupimwa msukumo wa damu. Aliyepewa dawa asiziache kwa kuwa amepata nafuu. Kiuno kikipungua, moyo nao hutuliwa mzigo.