NAMBARI YA SIMU NI YA NANI?

Najua wengi wenu hutarajia Chama cha Kiswahili kiandike habari za ngeli na vitendawili tu. Leo niruhusuni niandike juu ya kitu ambacho kimo mfukoni mwa mzazi wako hivi sasa, nacho ni nambari yake ya simu.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii niliikariri darasa la tano kwa ajili ya mtihani, lakini maana yake niliijua mwaka wa 2022, nyumbani kwetu hapa Garissa.

Marehemu babu yangu alikuwa dalali katika soko la mifugo la hapa mjini. Alinunua laini zamani sana, mimi sijazaliwa, na nambari yake ilianza na 0722. Wenye ng'ombe wa Wajir na Mandera waliijua. Wanunuzi wa Nairobi na Mombasa waliijua. Shangazi yangu aliyehamia Minneapolis, Marekani, hakuwa ameiandika popote. Aliikariri kama sisi tunavyokariri jedwali la kuzidisha. Babu alipofariki, nyanya, ambaye sisi humwita ayeeyo, aliendelea kutumia laini ileile. Hakuna aliyefikiria habari ya jina.

Mwaka ule wa 2022 ukame ulikuwa mkali na mvua zilikuwa zimekosa msimu baada ya msimu. Siku moja ayeeyo akapoteza simu yake sokoni, ile ya mulika mwizi, pamoja na laini. Nikaenda naye dukani ili arudishiwe laini.

"Mama, naomba kitambulisho cha mwenye laini," mhudumu akasema.

"Mwenye laini ametangulia mbele ya haki, mwanangu. Mimi ni mkewe."

"Pole sana, mama. Basi tuletee cheti cha kifo."

Cheti hatukuwa nacho. Babu alifia kijijini na akazikwa siku ileile kama ilivyo desturi yetu, na hakuna aliyekumbuka mambo ya karatasi. Tukaanza safari za kwa chifu na za ofisini. Miezi ikapita. Tulipozipata karatasi, tulipiga ile nambari kwanza kujaribu. Ikaita! Mwanamume tusiyemjua akapokea, akasema yuko Kitale na kwamba laini ile ameinunua mwenyewe, tena kwa kitambulisho chake.

Balaa haikuishia hapo. Mzee mmoja wa Mandera alikuwa na deni la babu la ng'ombe wawili. Mwenyezi Mungu alipomjalia, alituma shilingi 40,000 kwa nambari ileile aliyoijua miaka yote. Jina la mpokeaji lilitokea kwenye simu, lakini mzee hajui kusoma. Habari ilipotufikia, pesa zilikuwa zimekwisha kutolewa na kutumiwa. Mzee alisema amelipa, na kweli alilipa. Ayeeyo alisema hajapokea, na kweli hakupokea. Je, msomaji, ungekuwa wewe kadhi ungeamuaje?

Tangu siku hiyo nikaanza kuwauliza wakubwa na walimu habari za nambari hizi. Haya ndiyo niliyoyapata.

Safaricom iliandikishwa kuwa kampuni mwaka wa 1997, na KenCell ikaanza kazi mwaka wa 2000. Siku hizo nambari ilikuwa ya kupigia tu. Ukiipoteza, unanunua nyingine na kuwaambia watu, basi. Jambo la kuchekesha ni kwamba kampuni yenyewe ndiyo iliyokuwa ikibadilika. KenCell iliitwa Celtel mwaka wa 2004, ikawa Zain mwaka wa 2008, na mwaka wa 2010 ikawa Airtel. Yaani mtu mwenye 0733 angeweza kukaa na nambari moja huku kampuni yake ikibadilisha jina mara tatu! Nao wateja wa Yu, kampuni ile ilipofunga kazi mwaka wa 2014, walichukuliwa na Airtel pamoja na nambari zao.

Mambo yaligeuka Machi 2007, M-Pesa ilipoanza. Kuanzia hapo nambari ikawa pia sanduku la pesa. Halafu mwaka wa 2010 usajili wa laini ukaanza, na kila nambari ikafungwa kwenye jina na kitambulisho. Babu alisajili yake wakati huo, naye ayeeyo alikuwa ameketi kando yake kwenye foleni.

Tarehe 1 Aprili 2011 Kenya ilianzisha mpango wa kumwezesha mteja kuhama kampuni bila ya kuacha nambari yake. Unakwenda kwa kampuni unayoitaka, unatoa kitambulisho, nayo inawasiliana na ile ya zamani ili uhamishwe. Wengi walidhani watu watahama kama nyumbu wa Maasai Mara. Wapi! Waliohama ni wachache sana. Sababu kubwa ni kwamba nambari inahama lakini sanduku la pesa halihami nayo. Ukitoka Safaricom, M-Pesa yako unaiacha nyuma. Ni kama kuhama nyumba ukabeba mlango na kuacha kabati. Hata kutumiana pesa moja kwa moja baina ya pochi ya Safaricom na ya Airtel kulianza mwaka wa 2018 tu.

Basi watu wakachagua njia nyingine, yaani laini mbili. Hapa kwetu Kaskazini Mashariki sababu zake ni nzito zaidi. Kaunti ya Garissa ni pana, na ukitoka mjini kuelekea Balambala, Ijara au Hulugho kuna mahali mtandao mmoja unashika na mwingine haushiki, na kuna mahali hakuna hata mmoja. Isitoshe, minara ya simu imeshambuliwa mara nyingi katika kaunti zetu za mpakani. Mnara ukianguka, kijiji kizima kinabaki kimya, na mwenye uwezo hununua laini ya kampuni nyingine. Kwa hiyo mtu wa huku akikupa nambari mpya usimcheke ukadhani anawakimbia wadeni wake.

Lakini tatizo kubwa zaidi ni lile la jina. Ili usajili laini unahitaji kitambulisho, na kitambulisho kwetu hakikuwa kitu rahisi. Kwa miaka mingi vijana wa kaunti zetu walipitia kamati za ziada za kuwachunguza kabla ya kupewa. Kuna Wakenya waliowahi kuandikishwa kambini Dadaab wakati wa njaa ili wapate chakula, na baadaye wakaambiwa ni wakimbizi. Mtu kama huyo alifanyaje akitaka simu? Alimwomba binamu au jirani amsajilie. Tarehe 5 Februari 2025, Rais William Ruto alitia sahihi hati kule Wajir ya kuondoa uchunguzi huo wa ziada. Hata hivyo, laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine bado zinatembea. Wanawake wengi wanatumia laini za waume zao, na vijana wanatumia za kaka zao. Siku jirani akikukasirikia au akiaga dunia, nambari yako inakwenda na jina lake.

Naam, na ile nambari isipotumika kwa muda, kampuni huichukua na kumuuzia mtu mwingine, kwa sababu nambari zina kikomo. Ndiyo maana mwaka wa 2019 zilitolewa nambari mpya zinazoanza na 01, kama vile 0110 na 0100, ambazo wazee wengine hadi leo wakiziona hawapokei wakidhani ni za matapeli!

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nambari ni mali, na daftari lake ni usajili. Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukifika nyumbani jioni fanya mambo matatu. Kwanza, waulize wazazi wako laini zao zimeandikwa kwa jina la nani. Mwenye kitambulisho anaweza kubonyeza *106# akaona nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Pili, kama laini ni ya mtu mwingine, nendeni pamoja dukani kubadilisha jina wakati nyote wawili mko hai na mnapendana. Tatu, kama kuna mzee asiyejua kusoma, msomee jina kabla hajatuma pesa. Hiyo ndiyo faida ya kusoma kwetu.

Mimi nina miaka kumi na sita na sina kitambulisho bado, kwa hiyo hata laini ninayotumia nyumbani imesajiliwa kwa jina la baba. Nikifika miaka kumi na minane, Mungu akipenda, nitaanza na kitambulisho kisha nambari.

Ayeeyo ana laini mpya sasa, kwa jina lake mwenyewe, na shangazi wa Minneapolis ameshaikariri. Deni la ng'ombe wawili lilimalizwa na wazee chini ya mti: mzee wa Mandera alilipa nusu tena, na ayeeyo akasamehe nusu. Lakini wako watu wa zamani wa babu ambao hatujui waliko, na wao wanajua nambari moja tu. Kila mara ayeeyo huniambia, "Piga ile ya babu yako tuone kama kuna mtu aliyemtafuta." Nami hupiga, na yule bwana wa Kitale, ambaye sasa ametuzoea, hujibu, "Leo hakuna, mwambie nyanya pole."

Hapa ndipo ninapotia nanga. Wasalaam.