Pakiti za juisi zageuzwa mifuko ya sokoni Ufilipino

Leo tunaelekea Ufilipino, katika mji wa Pasig ulio ndani ya eneo la jiji kuu la Manila. Huko, pakiti tupu za juisi, zile ambazo watoto hufyonza kwa mrija kisha wakazitupa, zimekuwa zikishonwa na kuwa mifuko ya kwendea sokoni. Katika makala haya tutaeleza kwa nini pakiti hizo ni taabu kwa mazingira, namna zinavyoshonwa, na kazi hiyo inafika wapi katika kupunguza taka.

Ukiitazama kwa macho, pakiti ya juisi ni kitu kimoja. Kwa hakika ni tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja. Nje kuna plastiki ngumu ya poliesta ambayo huchapishwa rangi na maandishi. Katikati kuna karatasi nyembamba mno ya alumini, inayozuia mwanga na hewa. Ndani kuna plastiki laini ya polithini, ambayo hushikana ikipata joto na hivyo kuifunga pakiti. Kwa sababu ya tabaka hizo, juisi hukaa miezi kadhaa dukani bila ya kuhitaji jokofu.

Hata hivyo, sifa hiyo hiyo ndiyo inayoleta taabu. Chupa ya plastiki ya aina moja huweza kusagwa, kuyeyushwa na kutengenezwa bidhaa nyingine. Pakiti ya juisi haiwezi kufanyiwa hivyo mpaka tabaka zake zitenganishwe, na gharama ya kuzitenganisha kwa kawaida huzidi thamani ya kile kinachopatikana. Mwokota taka anayekusanya chupa na makopo huiacha pakiti palepale ilipo, maana hakuna wa kuinunua. Mwisho wake ni mitaroni, mtoni au jaani.

Pakiti ya namna hii, yenye kitako kinachoiwezesha kusimama, ilibuniwa nchini Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Louis Doyen, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Thimonnier. Kampuni hiyo ina jina la Barthélemy Thimonnier, fundi wa nguo aliyepata hataza ya cherehani mwaka 1830. Kwa hiyo wanawake wa Pasig walipoiweka pakiti chini ya sindano, walivikutanisha vitu viwili ambavyo tayari vilikuwa na uhusiano wa jina.

Uzito wa suala la taka ulidhihirika Ufilipino tarehe 10 Julai mwaka 2000. Baada ya mvua kubwa, mlima wa taka katika jaa la Payatas, Quezon City, uliporomoka na kuzifunika nyumba zilizokuwa chini yake. Watu zaidi ya 200 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa ni jamaa za waokota taka. Miezi michache baadaye, Januari 2001, ilitiwa saini sheria nambari 9003 inayotaka taka zitenganishwe majumbani na majaa ya wazi yafungwe.

Wanawake wa mtaa wa Ugong mjini Pasig walikuwa wameanza mapema zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walijiunga katika chama kiitwacho KILUS, ambacho kirefu chake kwa Kifilipino kina maana ya wanawake wenye lengo moja kwa ajili ya maendeleo ya jamii. Walianza kwa usafi wa mtaa wao, kisha wakaingia katika ushonaji wa pakiti za juisi, na mifuko yao ikapata wanunuzi hadi ng'ambo.

Je, kazi yenyewe hufanywaje? Kwanza, pakiti hukatwa juu na chini, huoshwa kwa maji na sabuni, husuuzwa na kuanikwa. Hatua hii haina mkato, kwani sukari ikibaki huleta sisimizi na harufu. Kisha pakiti hupasuliwa na kukatwa vipande vilivyo sawa. Tukichukulia kipande chenye upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 12 baada ya kushonwa, upande mmoja wa mfuko wenye upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 36 utahitaji vipande 12. Pande mbili ni vipande 24, na kwa kuwa kila pakiti hutoa vipande viwili, mfuko huo utatumia pakiti 12, bila ya kuhesabu kitako na ubavu.

Kushona plastiki kuna masharti yake. Tundu la sindano kwenye kitambaa hujifunga, lakini kwenye pakiti hubaki daima. Kwa sababu hiyo, vipande hushikizwa kwa vibanio badala ya pini, na mishono hufanywa mirefu. Mishono ikiwa midogo na ya karibu karibu, pakiti hukatika kama stempu zinavyochanwa. Sindano iwe nene, uzi uwe wa poliesta, na kingo zifunikwe kwa utepe wa kitambaa ili zisimkate mtumiaji mikono.

Mpenzi msikilizaji, faida ya kazi hii haina shaka: mwanamke hupata kipato karibu na nyumbani, na kitu kisicho na bei hupata bei. Lakini ni vyema tukiri mipaka yake. Mfuko huichelewesha pakiti tu njiani kuelekea jaani. Ukitumika kwa miaka mingi, umeokoa mifuko mingine mingi. Ukinunuliwa kama pambo na kutundikwa ukutani, umeokoa kidogo sana. Tena, hakuna idadi ya mafundi inayoweza kushindana na kasi ya kiwanda.

Ufilipino yenyewe imelitambua hilo. Sheria nambari 11898 ya mwaka 2022 inayataka makampuni makubwa yakusanye sehemu ya vifungashio vyao vya plastiki baada ya kutumika: asilimia 20 kwa mwaka 2023, na kupanda hadi asilimia 80 ifikapo mwaka 2028. Yaani, mzigo uliobebwa na wanawake wa mtaani kwa zaidi ya miaka 20 sasa umegeuzwa kuwa wajibu wa mwenye kiwanda pia.

Hapa Afrika Mashariki ina jambo la kutafakari. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania bara mwaka 2019. Marufuku za Kenya na Tanzania zililenga mifuko ya kubebea bidhaa, ilhali vifungashio vya viwandani vya vyakula na vinywaji viliachwa. Hivyo mnunuzi huingia sokoni na kikapu chake, akatoka na pakiti ndani yake. Fundi mwenye cherehani ana malighafi tele, lakini swali la nani alipie kuziondoa pakiti hizo bado linamsubiri aliyezitengeneza.