Boxer Kumi za Mgeni

Mgeni mmoja aliyekuwa akitokea upande wa Mafinga alisimama njia panda ya Nyololo, pale inapoanzia barabara ya Igowole, anunue maji. Alikuwa juu ya Yamaha Tracer 9. Hajavua hata helmeti, kijiwe kizima cha bodaboda kimeshamzunguka. Hakuna aliyemuuliza jina wala aendako. "Bei gani hii?" Akataja pauni 12,000 na ushee, bei ya kwao Uingereza. Kijana mmoja akatoa simu, akazidisha, akatangaza kwa sauti: "Boxer zaidi ya kumi hizo, na chenji ya kulewea ulanzi!"

Nilikuwa pembeni nafunga kabureta ya mtu. Kwenye kuzidisha kijana hakukosea. Ila bei ya dukani haikuambii kama pikipiki inalipa, iwe ya mgeni au ya kwako. Inakuambia tu hela ya kuanzia.

Tuimalize ya mgeni kwanza, maana haina mambo mengi. Pikipiki za namna hiyo zimeundwa kwa ajili ya mwendo na safari ndefu kwa pamoja. Injini ni ya silinda tatu, ujazo wa cc 890, nguvu ya farasi inayokaribia 120. Mbele kuna kioo cha kupasua upepo ili mtu ale kilomita 600 kwa siku bila shingo kukakamaa, na ubavuni kuna mahali pa kufunga mikoba. Kwenye lami ya Ulaya mwenyewe anafaidi. Kwenye barabara kuu ya TANZAM, farasi hao watalala zizini: kibao cha 50 kila kijiji, matuta, askari mwenye tochi kivulini, wanyama wa Mikumi, na Kitonga unayoipanda nyuma ya lori la kwenda Tunduma linalotembea kama bibi harusi. Tairi yake ya nyuma ina upana wa milimita 180. Ikichanika Nyololo, mgeni atafahamiana na kila mwenye nyumba ya kulala wageni kabla haijafika nyingine. Kwa mtu wa hapa, hata akiuziwa nusu bei, hiyo ni hasara yenye rangi nzuri. Kwa mgeni, ambaye amebakiza miezi miwili barabarani na kwao kuna duka la vipuri vyake, huenda kila pauni ina kazi yake.

Jioni yule kijana wa mahesabu akaja gereji. Anaendesha pikipiki ya hesabu. Kila siku anampelekea tajiri wake shilingi 8,000, inayobaki ndiyo yake.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, mdogo wangu."

"Nina milioni mbili na laki mbili. Mafinga nimeambiwa ya Kichina, 125, naipata kwa hela hiyo hiyo. Boxer 150 wananiambia milioni tatu. Nichukue ya Kichina sasa hivi, au nijibane mpaka nifikishe?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, na kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja: jibane. Siku hiyo nikasema tuliandike.

Kwanza niitetee ya Kichina, kwa sababu inatukanwa bure. Nyingi za 125 zinazokuja kwetu ni wajukuu wa Honda CG125, pikipiki ya miaka ya 1970. Honda waliiunda wakijua inakwenda kwa watu watakaoipakia kupita kiasi na kusahau kumwaga oili. Vali zake hazichezeshwi na cheni ya juu. Zinasukumwa na vifimbo viwili kutoka chini, chuma kigumu kisicho na makuu, na fundi akiwa na spana tatu anaifungua chini ya mti. Mchoro, basi, hauna ubaya. Ubaya huingia kwenye ubora wa chuma, ambao hutofautiana kasha kwa kasha, na kwenye mikono ya aliyeiunga baada ya kuitoa kwenye kasha. Pikipiki yangu ya kwanza, ambayo jina lake nalihifadhi, ilimwaga nati za spoketi ya nyuma nikitokea Igowole na magunia mawili ya viazi, haijamaliza hata mwezi. Baadaye ikafa CDI, kile kifaa cha cheche, nikakaa wiki tatu nasubiri kifurushi cha basi.

Boxer inatoka kwa Bajaj wa Pune, India, hao hao ambao magurudumu yao matatu yalitupa neno bajaji. Ile ya 150, kwa usahihi, ni cc 145 hivi, nguvu ya farasi 12. Hizo 12 ni za pwani. Na hapa pana jambo ambalo muuzaji hatakuambia, pengine kwa kuwa naye halijui.

Injini haiishi kwa petroli tu, inapumua hewa, na hewa ya huku juu ni nyepesi. Kwa kipimo cha mkononi, kila mita 100 unazopanda kutoka usawa wa bahari injini ya kabureta hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu. Sisi tuko juu ya mita 1,500. Kwa hiyo kati ya farasi 12 waliopanda lori Dar es Salaam, wawili hivi walishukia njiani. Ile ya 125 inaanza na wachache zaidi, nayo inapoteza kwa kiwango hicho hicho. Mpakie mama na gunia lake la mbegu, elekea vilima vya Igowole masika udongo mwekundu ukiwa umeshika tairi: 125 itapanda kwa gia ya pili, mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho. Juu ya hapo kabureta ilipimwa kwa hewa nzito, kwa hiyo petroli inazidi hewa, moshi unakuwa mweusi, plagi inatoka nyeusi kama mkaa. Watu husema pikipiki inakula mafuta. Nusu ya tatizo hilo huisha fundi akirekebisha mchanganyiko, kazi ya robo saa, na mtu anayenunua mpya aifanye wiki ile ile. Wengi hawafanyi, wanaogopa kuigusa kwa sababu ni mpya.

Sasa karatasi. Nikamwambia tukadirie, kila mtu abadilishe tarakimu kwa za kwake. Petroli lita shilingi 3,000. Bei kikomo EWURA huitangaza kila mwezi. Anatembea kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Miaka miwili ni kilomita 60,000, kisha anauza.

Boxer kanunua milioni 3, kwa soko la kwetu inauzika milioni 1 na laki 4. Imemla milioni 1 na laki 6. Ya Kichina kanunua milioni 2 na laki 2. Baada ya kilomita zote hizo akipata laki 6 ashukuru. Imemla milioni 1 na laki 6. Sawasawa! Ile laki nane ya tofauti haikupotea, ilikuwa imekaa ndani ya chuma. Kijana aliitazama karatasi kama nimemfanyia kiinimacho.

Mafuta ndiyo hayakuwa sawa. Kwa mizigo na vilima vyetu tukaipa 150 kilomita 40 kwa lita, na 125 kilomita 35. Lita 1,500 dhidi ya lita 1,714. Kwa shilingi ni milioni 4 na nusu dhidi ya milioni 5 na laki moja na ushee; tofauti inakaribia laki sita na arobaini. Na tazama ukubwa wa tarakimu zenyewe: pikipiki ilimla milioni 1.6, kituo cha mafuta kilimla karibu mara tatu ya hapo. Halafu mtu anabishana na muuzaji kutwa nzima apunguziwe elfu hamsini, na hajawahi hata siku moja kujaza tangi mpaka shingoni, kuandika kilomita, kisha kujaza tena aone inakunywa kiasi gani.

"Basi najibana," akasema.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba ushauri wangu wa miaka yote ulikuwa na tundu. Nikamuuliza anaweza kuweka kiasi gani kwa mwezi. Laki mbili. Maana yake miezi minne kuifikia hiyo laki nane. Na kwa miezi hiyo minne ataendelea kumpelekea tajiri elfu nane, siku 26 za kazi kwa mwezi: 832,000. Kujibana ili aokoe 640,000 za mafuta kunamgharimu zaidi ya hizo 640,000! Kweli, tajiri ndiye anayebeba matengenezo makubwa, na akiwa na yake atayabeba mwenyewe, kwa hiyo pengo si kubwa kama linavyoonekana. Lakini lipo, na nilikuwa nimewaambia vijana wengi wasubiri bila kuliona.

Njia iliyobaki ilikuwa kukopa hiyo laki nane tu. Mama yake yumo kwenye VICOBA. Tukikadiria riba ya asilimia 10, ni 80,000. Hesabu ya tajiri ya siku kumi.

Karatasi hii isichukuliwe na kila mtu. Mkulima wa parachichi anayekwenda shambani na kurudi, kilomita 15 kwa siku, hafikishi 10,000 kwa miaka miwili. Tofauti yake ya mafuta ni laki moja hivi, na laki nane ikibaki mfukoni inanunua miche na mbolea. Huyo achukue ya Kichina, akaze nati zote siku ya kwanza, na alale usingizi. Mwalimu wa kijiji cha ndani naye yumo humu.

Kwa bodaboda kuna kitu kimoja zaidi cha kupima, siku za kulala. Pikipiki ikilala, abiria anapanda ya jirani, na wengine hawarudi. Ndiyo maana nilimtuma kijana kwenye duka la vipuri kabla hajakanyaga duka la pikipiki. Aulize cheni na spoketi zake, klachi pleti, kabureta, CDI. Bei aiandike, ila kikubwa aulize kipo hapo rafuni, kipo Makambako, au mpaka Dar. Cheni hasa, maana vumbi la kiangazi na tope la masika hapa huzitafuna kama bisi. Pikipiki ambayo cheni yake haipo Nyololo, mimi huiongezea laki mbili kichwani kabla sijaanza hesabu yoyote.

Mkataba, ule wa kulipia pikipiki kidogo kidogo huku unaiendesha, tuliuzungumza kwa ufupi, alikuwa ameshaombwa na mtu mwingine aingie. Elfu kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki 60: milioni 3 na laki 6 kwa pikipiki ya milioni 3. Laki sita si mbaya kwa asiye na mtaji kabisa. Shida ya mikataba mingi niliyoiona si riba, ni kadi. Pikipiki inasomeka jina la mtu mwingine mpaka shilingi ya mwisho, na ukiugua wiki ya 55 utajua umenunua au ulikuwa unaendesha tu. Nikamsisitizia: hata kwa taslimu, asitoe hela mpaka aone namba ya fremu na ya injini zinafanana na za kwenye karatasi, na umiliki unaandikwa TRA kwa jina lake.

Wiki mbili baadaye simu ikaita asubuhi, baridi ya Juni, vidole vyangu havijakubali kushika spana. Alikuwa Makambako, mbele ya Boxer nyekundu, hela mfukoni.

"Fundi, wanasema niichukue leo. Kadi itatoka baadaye, kwanza itasoma jina la ndugu yao mmoja."

"Panda basi urudi, mdogo wangu."

"Na nauli yangu je?"

"Iandike kwenye karatasi."

Akacheka, nikasikia kondakta wa basi la Mafinga akiita abiria nyuma yake.