Reli ya Kipkelion Juu ya Meza

Modeli ya reli ni mandhari iliyojengwa kwa kipimo kimoja kisichobadilika, ambamo njia, vichwa vya treni, mabehewa, stesheni, madaraja, mashamba na watu hupunguzwa kwa uwiano uleule, kisha treni zikaendeshwa humo kwa umeme na kwa ratiba. Haistahili kuchanganywa na kichezeo, kwa sababu kichezeo kimetimiza kazi yake kikisogea na kumfurahisha mtoto, ilhali modeli hudaiwa majibu: hii ni stesheni gani, ni mwaka gani, treni hii imebeba nini na inaelekea wapi? Mjenzi asiyeweza kujibu maswali hayo amejenga kitu cha kupendeza, lakini hajajenga modeli ya mahali. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa na jinsi inavyoonyeshwa hadharani, yakiitazama kutoka Chebunyo, katika Chepalungu, Kaunti ya Bomet, na yanashikilia kwamba nchi ya Kericho na Bomet ina kipande cha reli jirani kinachostahili modeli kuliko vingi vinavyosifiwa ng'ambo.

Chebunyo yenyewe haina reli. Ni nchi ya ng'ombe na mahindi, kavu kuliko vilima vya chai vilivyo kaskazini yake, na mwanafunzi wa huko anayetaka kuiona treni hana budi kupita Bomet na Kericho hadi Kipkelion, Fort Ternan au Londiani. Njia inayopita hapo ni ile iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, kisha ikaligusa Ziwa Viktoria huko Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, tarehe 20 Desemba 1901. Kutoka Mau Summit, takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, reli huteremka hadi uwanda wa ziwa ulio kwenye mita 1,100 na ushei, na mteremko huo ndio uliowatoa wahandisi jasho, kwa kuwa mabonde yalikuwa mengi na yenye kina hata ikabidi yajengwe madaraja marefu ya chuma 27, kazi iliyopewa kampuni ya Marekani iitwayo American Bridge. Stesheni ya Kipkelion, iliyoitwa Lumbwa enzi za ukoloni, ndiyo iliyohudumia Kericho, mji ambao wenyewe haukufikiwa na reli. Chai ya makampuni yaliyoanza kuipanda kwa wingi katika miaka ya 1920 ilisafirishwa kwa barabara hadi stesheni, ikapakiwa mabehewani na kuanza safari ya kwenda bandarini Mombasa.

Uzuri wa kipande hiki kwa mjenzi ni kwamba nchi hubadilika kila baada ya mwendo mfupi. Londiani ni misitu na baridi, Kipkelion na Fort Ternan ni mahindi, ng'ombe na kahawa, na treni ikishafika Koru na Muhoroni imo katikati ya miwa na joto. Mtu asidanganywe na jina la Kericho akapanda chai kandokando ya njia nzima, kwa maana chai ilionekana zaidi stesheni, ikiwa ndani ya masanduku yake ya plaiwudi, kuliko shambani karibu na reli.

Sanaa yenyewe si ngeni duniani. Kampuni ya Kijerumani ya Märklin ilionyesha treni zake ndogo katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1891 na kuweka vipimo maalumu vya upana wa reli, hatua iliyowawezesha wanunuzi kuongeza vipande mwaka hata mwaka. Jijini London, chama cha wajenzi wa modeli kiitwacho The Model Railway Club kiliundwa mwaka 1910. Na huko Hamburg, maonyesho ya Miniatur Wunderland yaliyofunguliwa mwaka 2001 yana zaidi ya kilomita 15 za reli. Hata hivyo, mfano unaowafaa zaidi watu wa Kericho na Bomet si huo mkubwa wa Hamburg bali ni wa jumba la Pendon, kusini mwa Uingereza, lililoasisiwa na Roye England, mtu wa Australia aliyefika nchini humo mwaka 1925, akaona nyumba za zamani za vijijini zikibadilishwa na kubomolewa, akaamua kuzipima na kuzijenga upya kwa kadibodi, moja baada ya nyingine, ili bonde lile lisisahaulike. Kazi yake iliendelezwa na wengine kwa miongo mingi. Nyumba moja ingeweza kuchukua miezi, na subira ya namna hiyo ndiyo inayoigeuza modeli kuwa kumbukumbu.

Jambo la kwanza la kuamua ni kipimo, yaani modeli itakuwa ndogo mara ngapi kuliko kitu halisi, na papo hapo huja suala la upana wa reli, yaani nafasi iliyopo kati ya chuma kimoja na kingine. Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni 1:87, ambamo mtu mwenye urefu wa mita 1.7 huwa na milimita 19 na nusu, na kilomita moja ya njia huwa mita 11 na nusu. Reli za dukani za kipimo hicho zina upana wa milimita 16.5, kwa sababu zimetokana na reli ya kawaida ya Ulaya, Marekani na China, yenye upana wa milimita 1,435. Reli ya Kipkelion ina upana wa mita moja kamili, ambao ukigawanywa kwa 87 hutoa milimita 11.5. Hapa ndipo wajenzi wengi hukwama: hununua reli ya milimita 16.5, wakaweka juu yake kichwa cha treni cha Kiingereza, wakakipaka rangi na kukiita cha Kenya, na matokeo yake ni njia pana mno inayoiharibu sura yote. Ziko njia mbili za haki za kutoka kwenye tatizo hilo. Ya kwanza ni kutumia reli za milimita 12 zinazotengenezwa kwa ajili ya modeli za reli za milimani za Uswisi, ambazo nazo ni za mita moja, kisha kuyafanyia kazi mataruma yake, yaani vile vipande vilalavyo chini ya reli kuishikilia, ili yafanane na mataruma ya chuma yaliyotumika Kenya. Ya pili ni kubaki na reli ya milimita 16.5 na kukikuza kila kitu kingine hadi kipimo cha 1:60, jambo linalotaka nafasi kubwa zaidi lakini humrahisishia mkono mwanafunzi anayeanza.

Reli mpya ya upana wa kawaida (SGR), iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 na kufikishwa Suswa mwaka 2019, ina milimita 1,435, kwa hiyo huingia sawasawa katika reli za dukani za 1:87. Njia iliyopangwa ya kuiendeleza hadi Kisumu hupita Narok na Bomet, na mjenzi wa Chepalungu anaweza kuionyesha reli hiyo kabla haijafika.

Kipimo kikishapatikana, hesabu huonyesha upesi kwamba hakuna ukumbi wa shule utakaoipokea njia nzima ya Londiani hadi Muhoroni, kwa hiyo mjenzi huchagua na kubana: huchukua stesheni moja, daraja moja na kona moja, akaacha maili zilizobaki. Ufundi umo katika kujua cha kuacha. Mteremko hauwezi kubanwa ovyo, kwa kuwa treni ndogo nayo huteleza. Mwinuko wa asilimia 2 ni sentimita 2 kwa kila mita, na ikiwa njia moja inapaswa kupita juu ya nyingine kwa kimo cha sentimita 7, itahitaji mita 3 na nusu za kupanda. Kona nazo ni vivyo hivyo: kona halisi yenye nusu kipenyo cha mita 175 ingetaka mita 2 kwenye meza, ilhali kona nyingi za dukani hazifiki nusu mita, na mabehewa marefu yanapozipita hutokeza pembe zake nje kwa namna isiyoonekana relini kamwe.

Daraja ndilo roho ya modeli hii. Daraja la kimo cha mita 30 huwa sentimita 34 na nusu kwa kipimo cha 1:87, nalo limesimama juu ya nguzo zilizofumwa kwa vyuma vingi vyembamba, ambazo mjenzi huziunda kwa vipande vya plastiki ngumu au kadibodi nzito. Siri yake ni kigezo: mchoro wa upande mmoja wa nguzo hubandikwa juu ya ubao, misumari midogo hupigwa kandokando ya mistari yake, na kila kipande hulazwa kati ya misumari hiyo hadi gundi ikauke, ili nguzo ya kwanza na ya mwisho ziwe ndugu kamili. Bonde lililo chini huumbwa kwa vipande vya kadibodi vilivyosukwa, kufunikwa kwa magazeti yaliyolowekwa gundi, na kumaliziwa kwa udongo halisi wa mahali penyewe, uliochekechwa mara kadhaa hadi uwe unga. Hakuna rangi ya dukani inayoushinda udongo huo kwa ukweli. Vijiti vikavu vya mchai vina matawi yaliyojikunja ambayo hufanya miti mizuri ya msituni, na anayetaka kuonyesha shamba la chai kwa mbali anaweza kukata sponji ngumu ya kijani ya kuoshea vyombo katika vipande vya kimo cha sentimita moja, kwa sababu mchai uliochumwa vizuri hufika kiunoni na juu yake huwa tambarare.

Katika kuchagua vichwa vya treni, mapenzi hushindana na historia. Kila mtembeleaji wa Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971, husimama mbele ya Mount Gelai, nambari 5918, mojawapo ya vichwa 34 vya aina ya 59 vilivyoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock katika miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko vyote vilivyowahi kukanyaga reli ya mita moja duniani, na vilikuwa vya mtindo wa Garratt, uliobuniwa na mhandisi Mwingereza wa jina hilo, ambamo tangi la mvuke huning'inizwa kati ya mitambo miwili ya magurudumu inayojipinda kila mmoja kwa wakati wake, ili kichwa chenye urefu wa mita 31 na zaidi kipite konani bila shida. Kwenye meza kingekuwa na sentimita 36 hivi. Lakini vichwa hivyo vilitengenezewa kazi nzito ya Mombasa hadi Nairobi, kwenye vyuma vizito vya reli, na kukipitisha Mount Gelai juu ya madaraja ya Kipkelion ni kosa ambalo mstaafu wa reli ataligundua kabla hajaketi.

Umeme wa modeli hauna siri kubwa. Vyuma viwili vya reli huchukua umeme wa moja kwa moja usiozidi volti 12, magurudumu huupeleka kwenye mota, na mwendo huongezwa kwa kupandisha volti na kugeuzwa kwa kubadilisha pande za chanya na hasi; ipo pia mitambo ya kisasa ambayo hutuma amri kupitia reli ileile hadi kwenye kila kichwa cha treni peke yake. Betri ya pikipiki hutosha kabisa mahali penye umeme unaokatikakatika, mradi fyuzi ifungwe karibu na betri, maana waya zikigusana bila fyuzi hupata moto wa kuunguza meza. Adui mkubwa zaidi ni vumbi. Wakati wa kiangazi, vumbi la barabara za changarawe hutanda juu ya reli na kuzuia umeme, kwa hiyo reli hufutwa kwa kitambaa chenye spiriti kila asubuhi ya maonyesho.

Modeli ya kuonyeshwa hujengwa kwa mbao zinazotenganishwa, kila mmoja ukiwa na urefu wa sentimita 120 na upana wa 60 hivi, ili ziingie ndani ya pikapu na kuunganishwa tena kwa bolti bila reli kupishana hata milimita moja. Nyuma ya mandhari hufichwa uga ambako treni hupangwa zikisubiri zamu. Mtazamaji husimama dakika chache tu, na meza ikikaa kimya dakika hizo zote ataondoka, kwa hiyo waendeshaji hufuata ratiba, huku mmoja wao akisimama upande wa watu kujibu maswali na kuwatafutia watoto benchi la kupandia. Majukwaa hayakosekani: maonyesho ya Chama cha Kilimo cha Kenya (ASK), na mashindano ya sayansi na uhandisi ya shule za Kenya, yanayoanzia ngazi ya chini na kupanda hadi ya taifa.

Maelezo yanayowekwa mbele ya meza, kwa Kiswahili na kwa Kikipsigis, yasiishie kwenye uzito wa vyuma. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga reli hii na wapatao 2,500 kati yao wakafa. Wanandi waliipinga hadi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, akauawa mwaka 1905. Na ardhi za Wakipsigis zilitwaliwa kuwa mashamba ya walowezi na ya chai iliyopakiwa Lumbwa. Modeli inayoonyesha stesheni safi na maua yake, bila kibarua hata mmoja mwenye sururu, haijasema ukweli wa mahali hapo.

Treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu ilirejea Desemba 2021 baada ya njia kukarabatiwa, lakini wale waliofanya kazi katika stesheni hizi enzi za mvuke wamekwisha kuwa wazee sana. Walimu wa sayansi na ufundi wa Chebunyo, Sigor na Siongiroi wanaombwa wasingojee fedha za meza nzima: wawapeleke wanafunzi Kipkelion wakiwa na futi, daftari na kamera, wapime jengo la stesheni mlango kwa mlango, wawasikilize wazee hao, na waanze na ubao mmoja.