Mpira, Kichwa na Hesabu ya Msukumo

Mpira wa kona unapigwa kutoka pembe ya kaskazini-mashariki ya kiwanja, ukisafiri kuelekea magharibi kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde. Mshambuliaji anaruka na kuupiga kwa kichwa, nao unageukia lango la kaskazini kwa mita 15 kwa sekunde. Je, kichwa chake kimepata kani kiasi gani?

Mwanafunzi mwenye haraka hutoa 15 katika 20, akapata 5. Masi ya mpira ikiwa kilo 0.42, husema badiliko la momenta ni 0.42 × 5, yaani Newton-sekunde 2.1. Jibu hilo si sahihi. Momenta ni vekta: ina ukubwa na mwelekeo, na mielekeo ikitofautiana, ukubwa peke yake hautoshi kutolewa.

Inafaa velositi igawanywe katika vijenzi viwili, mashariki na kaskazini zikihesabiwa kuwa chanya. Kabla ya mpira kupigwa, kijenzi cha mashariki kilikuwa −20, na cha kaskazini 0. Baadaye vikawa 0 na +15. Basi mabadiliko ni 0 − (−20) = +20, na 15 − 0 = +15. Kwa kanuni ya Pythagoras, 400 + 225 = 625, na kipeuo chake cha pili ni 25. Msukumo ni 0.42 × 25, yaani Newton-sekunde 10.5: mara tano ya jibu la kwanza.

Msukumo ni kani ya wastani ikizidishwa kwa muda. Mguso ukidumu sekunde 0.02, kani hiyo ni Newton 525, kupita uzito wa mfuko wa saruji wa kilo 50. Kwa sheria ya tatu ya Newton, kichwa nacho husukumwa kwa kani iyo hiyo, kuelekea upande wa pili.

Hapo kosa la ubaoni hugusa maisha. Jeff Astle, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya Uingereza, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59. Mchunguzi wa vifo aliamua kwamba kupiga mpira kwa kichwa mara nyingi kuliudhuru ubongo wake. Mwaka 2015 shirikisho la soka la Marekani lilitangaza kuwakataza watoto wa miaka 10 na chini yake kupiga mpira kwa kichwa.

Zoezi: mpira huohuo ukirudishwa mashariki kwa mita 15 kwa sekunde, msukumo utakuwa kiasi gani? Atakayepata 14.7 ameielewa alama ya kutoa.